Akiinuka Ghafla, Mwili Unajipinda: Si Kila Kipindi ni Kifafa

Kijana ni mzima. Anakula, anasoma, anacheza mpira. Lakini akiitwa ghafla akainuka upesi kitini, mkono unajipinda, mguu unakakamaa, shingo inakwenda upande na uso unakunjamana. Hapotezi fahamu. Anasikia kila neno linalosemwa juu yake na anawaona wanaomcheka. Nusu dakika haijaisha, anatembea kama kawaida.

Hali hii ni diskinesia ya vipindi inayochochewa na mwendo wa ghafla. Madaktari huifupisha PKD. Ni nadra, inakadiriwa kumpata mtu 1 katika kila 150,000. Huanza utotoni au katika umri wa kubalehe, na kwa wengine vipindi hufika hata 100 kwa siku moja. Wengi huhisi dalili kwanza, kama ganzi au mkazo mguuni, na wapo wanaojifunza kuinuka polepole na kujinyoosha kidogo kabla ya kupiga hatua. Asiyejua sababu humwona mtoto huyo mvivu au mwenye dharau, anayechelewa kusimama akiitwa na mkubwa.

Nyumbani hali hiyo huweza kuitwa majini. Hospitalini huandikwa kifafa, au mgonjwa huambiwa anajifanya. Hili la mwisho ndilo linaloumiza zaidi, maana mtoto hana namna ya kuthibitisha kwamba mguu wake haukumtii. Tofauti na kifafa ipo wazi kwa anayeuliza vizuri. Mgonjwa wa PKD anabaki na fahamu zake zote na kukumbuka yote, kipindi chake karibu kila mara huanzia kwenye mwendo wa ghafla, na kipimo cha umeme wa ubongo kwa kawaida huonyesha hali ya kawaida.

Mwaka 2011 watafiti wa China, wakichunguza familia zenye wagonjwa wengi, waligundua kwamba chanzo kikubwa ni hitilafu katika jeni iitwayo PRRT2, iliyo kwenye kromosomu ya 16. Jeni hiyo hutengeneza protini inayosaidia kudhibiti ishara zinazopita kati ya chembe za neva. Protini ikipungua, chembe hizo husisimka kupita kiasi, na mwendo mmoja wa haraka unatosha kuzua vurugu. Mzazi mwenye hitilafu hiyo anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, ingawa si kila aliyerithi huugua. Tena jeni hiyohiyo huweza kumletea mtoto mchanga degedege isiyo na homa, inayoanza akiwa na umri wa miezi sita hivi na kwisha kabla hajatimiza miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo daktari akiuliza kama kuna aliyepata degedege utotoni katika ukoo wenu, ana sababu ya kuuliza.

Habari njema ni dawa. Karbamazepini, dawa ya kifafa ya miaka mingi na iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, huzuia vipindi hivi kwa wagonjwa walio wengi. Hupunguza kupita kwa madini ya sodiamu kwenye milango ya chembe za neva, na chembe zikatulia. Dozi inayohitajika ni ndogo kuliko ya kifafa. Watu wazima wengi hutosheka na miligramu 50 hadi 200 kwa siku. Aliyepewa dozi kubwa kwa kudhaniwa ana kifafa huenda akapona vipindi, lakini akabaki na usingizi na kizunguzungu asivyostahili kubeba. Dawa hii pia hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, basi daktari aambiwe kila kinachotumiwa. Vipele vikitokea baada ya kuianza, nenda hospitali siku hiyohiyo.

PKD ina ndugu zake. Mwaka 1940 madaktari Mount na Reback walieleza familia iliyokuwa na vipindi virefu zaidi, vinavyochochewa na pombe, kahawa na uchovu. Aina hiyo hudumu dakika kadhaa hadi saa, na karbamazepini haiisaidii sana; huzuiwa kwa kuepuka vichocheo na wakati mwingine kwa klonazepamu. Aina nyingine huja baada ya kutembea au kukimbia kwa muda mrefu. Baadhi ya wagonjwa wake ubongo wao haupati sukari ya kutosha kutoka kwenye damu, nao hutibiwa kwa mlo wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, chini ya uangalizi wa daktari na mtaalamu wa lishe.

Vipindi vikianza ukubwani, visichukuliwe kuwa vya kurithi mpaka vipimo vifanyike. Sukari iliyopanda sana, upungufu wa kalsiamu, kiharusi na magonjwa mengine ya ubongo huweza kuleta hali inayofanana.

Mzazi, mwalimu, ukimwona mtoto akijipinda hivi, usimshike kwa nguvu wala usimtie kitu mdomoni. Chukua simu, rekodi kipindi chote, kisha andika alikuwa akifanya nini, kilidumu sekunde ngapi na kama aliweza kukujibu. Mpelekee daktari rekodi hiyo, na umwombe rufaa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu.