Fizi Zikitoka Damu, Msinyamaze

Watu wengi hudhani kwamba meno hung'oka kwa ajili ya uzee tu. Sivyo. Jino hushikwa na fizi na mfupa, kama nguzo ya nyumba inavyoshikwa na udongo. Udongo ukimomonyoka, nguzo hulegea hata kama mti wenyewe ni mzima.

Adui ni ukoga, yaani ule utando laini unaoshika meno. Ndani yake mna vijidudu. Usipoondolewa, hugeuka ugaga mgumu kama jiwe. Fizi huvimba na kutoka damu. Kwa wengine ugonjwa hushuka mpaka mfupani, na jino hulegea polepole, mara nyingi bila maumivu. Tumbaku na kisukari huuzidisha.

Lakini msikate tamaa. Mwaka 1988 ilitolewa habari ya uchunguzi wa watu 1,131 wa Machakos, Kenya. Ugaga na fizi zilizovimba vilienea sana, lakini waliopotewa na meno mengi walikuwa wachache. Basi damu ya fizi ni onyo, si hukumu.

Fanyeni hivi: pigeni mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Mswaki wa mti nao wafaa, ncha ikitafunwa hata ikawa laini. Sugueni taratibu pale jino linapokutana na fizi. Damu ikitoka, msiache. Ugaga hautoki kwa mswaki: nendeni kwa mganga wa meno auondoe.

Mkulima wa nyanya wa Ilula hangoji shamba lote likauke ndipo atazame majani. Tazameni na fizi za watoto wenu leo.