Kiwanja cha Carama Katika Kioo cha Kompyuta

Mtaa wa Carama, kaskazini ya Bujumbura, ni mahali ambapo mtumishi wa serikali, askari au polisi hutia akiba ya miaka mingi ardhini. Akisha kupata kiwanja, au parsela kama wasemavyo wenyeji, hupimiwa mipaka, na mara nyingi hubaki na karatasi yenye safu mbili za namba ndefu, kila jiwe la mpaka na namba zake mbili. Karatasi hiyo hukunjwa ikatiwa sandukuni pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Lakini siku hizi si ajabu kumkuta nyumbani kijana aliyejifunza kuandika programu za kompyuta, naye hutamani kuuchora mpaka wa baba yake katika kioo. Hapo ndipo maajabu huanza: picha haionekani, au kiwanja kimepinduka, au nyumba imekaa katika ua wa jirani. Kompyuta imejumlisha sawasawa. Ila haikuambiwa kila namba inahesabiwa kutoka wapi.

Tuanze na karatasi yenyewe. Kwa mpango wa upimaji uitwao UTM, dunia imekatwa vipande 60 kutoka kaskazini hadi kusini, mfano wa chungwa lililomenywa, na kila kipande kina upana wa digrii 6. Carama imo katika kipande cha 35. Jiwe la mpaka huko litakuwa na namba ya mashariki ya takribani 765,000, na namba ya kaskazini ya takribani 9,630,000. Namba hizo ni mita. Ile ya kwanza huhesabiwa kutoka mstari wa digrii 27 mashariki, upitao ndani ya Kongo, ambao umepewa 500,000 ili pasiwe na mahali penye namba iliyo chini ya sifuri. Basi 765,000 maana yake ni kilomita 265 mashariki ya mstari huo. Ya pili huhesabiwa kutoka Ikweta, ambayo kwa nchi za kusini imepewa 10,000,000. Kwa hiyo 9,630,000 ni kusema kwamba tuko kilomita 370 kusini ya Ikweta.

Burundi ina jambo lake la pekee. Mstari wa digrii 30, ambao ndio mpaka wa kipande cha 35 na cha 36, unaikata nchi hii. Bujumbura, Gitega na Ngozi ziko upande wa 35. Muyinga, Ruyigi na Cankuzo ziko upande wa 36, ambako hesabu huanza upya kutoka digrii 33. Hivyo Muyinga ina namba ya mashariki ya takribani 204,000, ilhali Bujumbura, iliyo magharibi yake, ina zaidi ya 760,000. Programu ikizichukua namba hizo kama zilivyo, itauchora mji wa Muyinga ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 500 magharibi, ndani ya misitu ya Kongo. Dereva atakayeongozwa na ramani hiyo itambidi atafute mashua.

Sasa tutazame kioo. Kioo cha kompyuta kimejaa vidoa vidogo vya rangi viitwavyo pikseli. Katika programu nyingi hesabu yake huanzia pembe ya juu, upande wa kushoto: ukienda kulia namba huongezeka, na ukishuka chini huongezeka pia. Desturi hii imetokana na televisheni za zamani, ambazo mwali wake ulichora picha mstari kwa mstari kutoka juu. Ramani ina desturi nyingine. Kaskazini iko juu, na namba huongezeka kadiri upandavyo. Ndiyo sababu kiwanja hupinduka, lango la kusini likatokea kaskazini.

Tuseme kiwanja kina mita 20 kwa 25, kimeelekea kaskazini sawasawa, na kila mita tunaipa pikseli 30. Picha itakuwa na pikseli 600 kwa 750. Katika namba za kila nukta, toa namba za pembe ya kusini-magharibi. Zidisha kwa 30. Kisha, kwa ile ya kaskazini peke yake, toa jibu lako kutoka 750. Mwembe ulio mita 5 mashariki na mita 10 kaskazini ya pembe hiyo utakaa pikseli 150 kutoka kushoto na pikseli 450 kutoka juu. Mtoto wa darasa la sita aweza kuyahakikisha hayo kwa penseli, na yafaa ayahakikishe kabla kompyuta haijawashwa.

Kule kutoa hapana budi kufanywe mwanzoni kabisa, na hapa hata waandishi hodari wa programu hujikwaa. Kifaa cha ndani kinachochora picha kwa kawaida huweka namba zenye desimali katika biti 32, ambamo huenea takribani tarakimu saba tu. Namba ikipita 8,388,608, hatua kutoka namba moja hadi ile inayofuata huwa moja kamili, na kwetu moja ni mita nzima. Namba ya kaskazini ya Carama imekwisha kupita hapo. Basi ukuta wa sentimita 20 hauna pa kukaa: ama utavimba uwe mita moja, ama pande zake mbili zitalaliana ukatoweka. Mpaka wa jirani nao utarukaruka kila uisogezapo picha. Ukitoa kwanza kwa hesabu ya biti 64, namba zitakazobaki ni ndogo, na ukuta hurudi mahali pake.

Nyumba nayo ina hesabu yake yenyewe. Mchoraji huanzia, tuseme, pembe ya sebule na kuiita sifuri. Ili nyumba iingie kiwanjani huzungushwa kwanza ielekee barabara, kisha huhamishwa. Mpango huo usigeuzwe! Kuzungusha hufanyika kwa kuizunguka sifuri. Ukiihamisha nyumba kwanza mpaka kwenye namba za Carama, kisha ukaizungusha digrii 30, itazunguka kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba yenye urefu wa kilomita 9,660, na kwa hesabu ya karatasi itatua kiasi cha kilomita 5,000 kutoka mahali pake. Waandishi wa programu huvitia vitendo hivi, yaani kukuza, kuzungusha na kuhamisha, katika majedwali ya namba yaitwayo matriksi, ambayo huzidishwa pamoja yakawa moja. Mara 3 kwa 2 ni sawa na mara 2 kwa 3. Kwa matriksi sivyo ilivyo.

Askari aliyefundishwa ramani husoma mashariki kwanza, kisha kaskazini. Simu nyingi hutoa kinyume: latitudo kwanza, kisha longitudo. Carama huandikwa takribani -3.33, 29.39. Ukizipa nafasi namba hizo kinyume, utajikuta katika jangwa la Algeria. Kosa hili ni la bahati njema, maana huonekana mara moja.

Lililo baya ni dogo kuliko hilo. Ramani za zamani za Burundi zilitegemea kipimo kiitwacho Arc 1950, kilichopewa jina kutokana na upimaji mkubwa wa mstari huo huo wa digrii 30, kutoka Afrika Kusini hadi Misri, uliokamilika mwaka 1954. Simu hutumia kipimo cha dunia cha mwaka 1984, kiitwacho WGS 84. Umbo la dunia lililokadiriwa katika vipimo hivi viwili si moja, wala kitovu chake. Namba za Arc 1950 zikiingizwa katika kompyuta kana kwamba ni za WGS 84, kila jiwe la Carama litaonekana limesogea zaidi ya mita 250, hasa kuelekea kaskazini: ni kiasi cha viwanja kumi vya ukubwa ule tuliousema. Picha itapendeza, pembe zitakuwa sahihi, urefu wa kila upande utalingana na karatasi, na mwenye kiwanja atakuwa akitazama ua wa mtu mwingine.

Kwa hiyo, aendaye kupimiwa aombe yaandikwe juu ya karatasi mambo mawili: kipande cha UTM, ambacho kwa Carama ni 35 Kusini, na jina la kipimo, kama ni Arc 1950 au WGS 84. Katika ramani za zamani maneno hayo huchapwa kwa herufi ndogo, chini ya mchoro.