Kioo cha gari kinagoma leo, kesho kinapanda? Usikimbilie kununua mota

Unatoka Paje jioni, wingu limeshatanda, unabonyeza swichi kioo kipande. Kimya. Ukifika Mwanakwerekwe unabonyeza tena, kinapanda kama hakuna kilichotokea. Wenye Vitz, Noah na Escudo za zamani hapa Unguja wanaujua mchezo huu, hasa masika, kati ya Machi na Mei.

Ubaya wake ni kwamba gari likifika kwa fundi, kioo kinafanya kazi vizuri tu. Fundi anakisia, na wa kwanza kulaumiwa ni mota. Unanunua ya mtumba, wiki mbili baadaye hadithi ni ile ile.

Kwanza angalia kama kinagoma kimoja au vyote. Fyuzi iliyoungua haijiponyi, kwa hiyo hitilafu inayokuja na kuondoka ina chanzo kingine. Vikizima vyote na kurudi vyote, tazama njia yao ya pamoja: fyuzi iliyolegea kwenye tundu lake, rilei, au swichi kuu ya mlango wa dereva. Vikigoma vya abiria peke yake, angalia kitufe cha kuvifunga kilichopo kwa dereva. Watoto wanakipenda sana kile.

Kuna kipimo cha bure. Usiku, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa, washa taa ya ndani kisha bonyeza swichi ya kioo kilichogoma. Taa ikififia kidogo, umeme unafika na mota inahangaika: kioo kimebana au mota imechoka. Taa isipotikisika, huenda umeme unakatika njiani. Hii ni kwa balbu ya kawaida. Taa ya LED inaweza isikuonyeshe kitu.

Umeme ukikatika njiani, mimi ningeanza na ule mpira mweusi ulio kati ya mlango na bodi, upande wa bawaba. Waya zote za mlango zinapita humo na zinakunjwa kila mlango unapofunguliwa. Baada ya miaka 20 nyuzi za shaba hukatika moja moja huku ganda la nje likionekana zima. Ndiyo maana mlango wa dereva, unaofunguliwa kuliko yote, mara nyingi ndio unaotangulia.

Kupima ni rahisi: shikilia swichi, mwenzako autikise mpira na kufungua mlango polepole, mikono ikiwa mbali na kioo. Kikishtuka, umeshapata ugonjwa. Dawa yake ni kuunga kipande kipya cha waya laini na kuchomelea kwa risasi. Kusokota na kufunga tepu hakudumu, kwa sababu pale panaendelea kukunjwa.

Ikiwa waya ni nzima, hamia kwenye swichi. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huzifanya shaba za ndani zigeuke kijani au nyeusi. Kwenye magari mengi ya Kijapani ya zamani, umeme wa vioo vya abiria hupita pia kwenye swichi kuu, kwa hiyo kioo cha nyuma kinaweza kugoma kwa kosa la swichi ya dereva. Chomoa betri, fungua, safisha kwa spirei maalumu ya swichi za umeme. Shaba zikiwa zimeungua, nunua swichi.

Mota nayo ina dalili zake. Ikizima baada ya kupandisha na kushusha mara kadhaa, kisha ikarudi baada ya dakika chache, imejizima kwa joto. Mara nyingi inabebeshwa mzigo na mipira ya kioo iliyojaa mchanga. Ifute kwa kitambaa kibichi, ikikauka ipulizie silikoni. Usipake grisi, itakusanya mchanga zaidi. Lakini kama ukigonga mlango kioo ndiyo kinaamka, hapo kweli mota inaelekea mwisho.

Fundi akifungua mlango, msimamie arudishe ile karatasi ya nailoni ya ndani, maana wengi huichana na kuiacha. Azibue pia vitundu vya chini vya kutolea maji. Vikiziba, mvua inabaki mlangoni na kuozesha viungo vya waya.

Na siku kioo kikigoma, toa simu urekodi video hapo hapo, taa ya ndani ikionekana. Fundi ataona kile ambacho gari litamficha asubuhi.