Chombo cha Fundi ni Mali ya Nani?

Mpiga picha anunuapo kamera, kamera ni yake. Lakini programu aitumiayo kuzisafisha picha zake katika kompyuta si lazima iwe yake. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe ya Marekani ilitangaza kwamba matoleo mapya ya Photoshop, iliyo mashuhuri kupita zote katika kazi hiyo, hayatauzwa tena bali yatakodishwa. Sisi twaona ya kuwa jambo hili lawapasa wafanya kazi kulitazama kwa makini, maana fundi akodiye nyundo kila mwezi hana nguvu mbele ya mwenye nyundo.

Iko njia nyingine. Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza kutunga programu iitwayo GIMP, wakaitoa kwa watu mwaka 1996. Ni programu huria: kila mtu ana ruhusa kuitumia, kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuugawa, naye agawaye alichokibadili hana budi kuwapa wenzake ruhusa ile ile.

Lililotupendeza zaidi ni habari ya Motif. Madirisha na vitufe vya GIMP ya kwanza vilitegemea Motif, ambayo ilikuwa mali ya wenyewe na ikiuzwa kwa fedha. Basi aliyetaka kuijenga GIMP mwenyewe alilazimika kwanza kununua kitu cha mwingine. Huo ulikuwa uhuru nusu. Mattis akatunga vifaa vipya vya kushika mahali pa Motif, navyo ndivyo GTK. Havikuifaa GIMP peke yake: GNOME, iliyoanzishwa mwaka 1997 na itumikayo mpaka leo katika kompyuta nyingi za Linux, imejengwa juu yake.

Hatusemi kwamba GIMP haina upungufu. Aliyezoea Photoshop hupotea siku za kwanza. Tena toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2004, na la 3.0 likangojwa hadi Machi 2025, ndipo mtu alipoweza kutia madoido juu ya picha na kuyarekebisha baadaye bila kuiharibu picha ya asili. Kungoja huko, kwa maoni yetu, kulizidi mno.

Atakaye kujaribu na aanze kwa kukata kingo na kufuta madoa, wala asisahau kuhifadhi kazi yake kwa mtindo wa XCF kabla ya kutoa nakala ya JPEG, kwani JPEG huyagandamanisha matabaka yote yakawa moja.