WENYE ALTEZZA NA SUBARU: ACHENI KULINYWESHA GARI CHUPA, MWAGENI OILI

Leo naleta jambo lililonitoa jasho mimi mwenyewe, na kila nikipita Segerea naona vijana wenzangu wanaelekea kulekule. Ni hili la kuchagua oili ya injini na hizi dawa za chupa, hasa kwa sisi wapenda magari ya spidi. Mimi si injinia. Nimeishia kidato cha nne na fizikia yenyewe nilipata D. Haya ninayoyaandika nimeyalipia.

Mwaka juzi braza alisafiri kikazi Mwanza akaniachia Altezza lake, RS200 la gia za mkono. Akaniambia, "Dogo, hili gari nikirudi naliuza nimalizie paa." Nyumba yake iko hapa hapa Kinyerezi, kuta zimesimama, juu mbingu tupu. Kwa hiyo nilikuwa naendesha mabati ya watu.

Baada ya wiki kadhaa nikaona moshi wa bluu asubuhi nikiwasha. Unatoka kidogo kisha unapotea. Nikaenda duka moja la vipuri, jamaa wala hakutoka nje kuliona gari. "Oili yako nyepesi. Weka namba 50, ongeza na hii chupa nzito ya kuzuia moshi. Na kwenye tenki mimina hii ya kupandisha oktani, litaruka." Elfu tisini ikaondoka. Moshi kweli ukapungua, nikajiona fundi.

Siku kumi hazikuisha. Gari likawa zito, ukikanyaga halivuti, taa ya injini ikawaka. Nikalipeleka kwa fundi mmoja mzee pale Segerea. Akafungua valvu ya oili ya VVT-i, akanionyesha kichujio chake kidogo. Kimejaa uchafu mweusi, mzito kama gundi. Akaniuliza, "Mwanangu, umelilisha nini hili?"

Nilichokuwa sijui ni hiki. Kwenye injini kama hiyo 3S-GE ya Altezza, oili hailainishi tu vyuma. Inapoza pistoni, inabeba uchafu kwenda kwenye filta, na presha yake ndiyo inayosogeza VVT-i ili valvu zifunguke kwa wakati unaotakiwa. Oili ikiwa nzito kupita kiasi au imejaa takataka, VVT-i inachelewa na nguvu uliyoifuata kwenye Altezza inapotea. Kwenye Subaru ya turbo ni mbaya zaidi, kwa sababu shafti ya turbo inazunguka kwa kasi ya ajabu juu ya utando mwembamba wa oili. Ikikosa oili kidogo tu, turbo limekwenda, na mara nyingine injini inanoki kabisa.

Sasa namba za kwenye galoni. Ukiona 10W-40, ile ya mbele yenye W ni tabia ya oili kwenye baridi. Ya nyuma ni uzito wake injini ikishapata moto, unaopimwa kwenye nyuzi 100. Watu husema Dar hakuna baridi kwa hiyo W haina kazi. Si kweli. Hata hapa kwetu, asubuhi oili ni nzito mara nyingi kuliko ikiwa ya moto, na injini inasagika sana pale inapowashwa, oili haijafika juu. Oili ya namba moja tupu, ile SAE 40 au 50, inachelewa zaidi kupanda. Injini ya kisasa yenye VVT-i au turbo isiwekewe hiyo. Fungua kitabu cha gari au uliza fundi anayeijua injini yako. Wengi mtaangukia 5W-30, 10W-30 au 10W-40.

Kisha tafuta herufi za API. S ni ya petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata ikienda mbele ndiyo mpya zaidi. SL ilikuja 2001, SN 2010, SP 2020. Galoni limeandikwa SF kwa bei ya kutupa? Hiyo ni oili ya enzi za miaka ya themanini, waachie wenye magari ya enzi hizo.

Tuje kwenye chupa za tenki. Oktani si nguvu. Ni uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati. Altezza la gia za mkono linabana mpaka karibu 11.5 kwa 1, na kwao Japani linanyweshwa petroli ya daraja la juu inayofika oktani 100, wakati ile ya kawaida ni kama 90. Petroli ikiwa dhaifu injini inagonga, kompyuta ya gari inarudisha moto nyuma ili kuilinda, na wewe unaona gari limelegea. Kwa hiyo oktani ina maana kwa injini inayoihitaji. Kwa IST ya kwendea kazini, chupa hiyo ni hela ya chipsi mayai umeichoma.

Na someni vizuri. Chupa nyingi zinaandika zinapandisha "pointi" 30. Kwa hesabu za wauzaji wengi, pointi 10 ni oktani 1. Yaani umelipia 3.

Mnakumbuka neno kuchakachua lilivyovuma? Petroli ilikuwa inachanganywa na mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa na kodi ndogo. EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta 2010, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, tena yasipoungua yote yanateremka ukutani mwa silinda na kuichuja oili. Hapo hakuna chupa itakayokuokoa. Jaza kituo kinachouza sana, dai risiti, ukiona gari limebadilika siku hiyohiyo una ushahidi wa kupeleka malalamiko.

Na zile za kumimina kwenye oili eti zinafunika vyuma utando usiosagika? Hata Marekani ziliuzwa sana. Mwaka 1997 wenye Slick 50 walimalizana na tume ya biashara ya kule, FTC, iliyowashitaki kwa matangazo yasiyo na ushahidi. Oili nzuri imeshachanganywa dawa zake kiwandani. Ukiongeza za kwako unaharibu pishi la mwenzio.

Ninayoikubali ni moja tu, dawa ya kusafisha injekta yenye PEA, mara moja moja, imimine karibu na muda wa kumwaga oili.

Fundi aliniachia masharti manne:

1. Mwaga oili na filta kila kilomita 5,000. Turbo wahi zaidi. Foleni ya Tabata inahesabika, injini inafanya kazi hata kama umesimama.
2. Pima oili kila wiki, gari likiwa sehemu tambarare na limezimwa dakika kumi.
3. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima hapo hapo. Usiseme "nafika tu nyumbani".
4. Nunua galoni lenye lakiri isiyoguswa. Likiisha litoboe kabla ya kulitupa, wajanja wasilijaze tena.

Na ule moshi wa bluu? Sili za valvu zilikuwa zimekauka, basi. Kuzibadilisha, kusafisha VVT-i na kumwaga ule uji, nililipa laki mbili na themanini, hela niliyokuwa naitunza ya kozi ya udereva wa malori.

Braza aliporudi nilimweleza yote kabla hajashika ufunguo. Akawasha, akasikiliza, akazunguka nyuma kuangalia moshi. Hakuna. Akasema, "Siku nyingine nipigie simu kwanza." Gari limeuzika, mabati yako juu. Kozi yangu bado.

Naomba kuwasilisha. Wenye Subaru za turbo, nyie mnatumia oili gani?