Degedege si Pepo, ni Mishipa Iliyozibwa

Mwezi wa Julai mwaka 1960 mashua iliyotoka Kigoma ilimteremsha katika ufuko wa Gombe binti Mwingereza, Jane Goodall, akiwa pamoja na mama yake. Alikuwa ametumwa na Dokta Louis Leakey wa Nairobi kuchunguza maisha ya sokwe. Kabla kazi haijashika kasi, mama na binti wote wawili waliangushwa na malaria. Mkazi wa Ujiji, Kibirizi au Mwamgongo hatastaajabu kuisikia habari hiyo, maana homa hii ni mwenyeji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tangu enzi za mababu. La kustaajabisha ni kwamba twaijua kwa jina, lakini wengi wetu hatuyajui matendo yake.

Wengi hudhani kuwa malaria ni joto na kutetemeka tu. La hasha. Malaria kali ni ugonjwa wa mishipa ya damu. Kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum kikishaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu huigeuza sura. Juu ya chembe hiyo huota vinundu vyenye kunata, nayo hung'ang'ania ukuta wa mishipa midogo kabisa, iliyo myembamba mno kuliko unywele. Hiyo ni hila ya kujificha, kwani wengu ndilo chujio la damu, na chembe iliyonata pembeni haifiki huko ikateketezwa. Lakini hila ya kimelea ndiyo msiba wa mgonjwa. Chembe zikirundikana njia huziba, ukuta wa mshipa huvuja, na sehemu iliyo mbele hukosa hewa na chakula. Yakitokea hayo katika ubongo, mgonjwa hupoteza fahamu. Yakitokea katika kondo la nyuma la mama mjamzito, mtoto huweza kuzaliwa na uzito pungufu.

Wala binadamu hayuko peke yake. Huko Nairobi, katika taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na huyo huyo Dokta Leakey, nyani wa aina ile ile waonekanao ufukweni Gombe waliambukizwa malaria ya kima wa Asia. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Baadhi ya nyani waliugua vibaya, chembe zenye vimelea zikijibana katika viungo vyao muhimu na ubongo ukiathirika. Wengine waliishi na maradhi kwa muda mrefu, wakivimba wengu tu. Sokwe nao wana vimelea vyao, ndugu wa karibu wa falciparum, na mwaka 2010 ilibainika kwamba kimelea hiki kinachotuua sisi asili yake ni kwa gorila.

Watoto wetu pia wametoa ushahidi. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba watoto wa Tanzania waliougua malaria kali walipungukiwa na nitriki oksaidi, hewa ambayo mwili huitengeneza ili kuilegeza mishipa. Mwaka 2015 picha za ubongo zilizopigwa nchini Malawi zilionyesha kuwa wengi wa watoto waliofariki kwa malaria ya ubongo walikuwa na ubongo uliovimba sana.

Tunayaeleza haya kinaganaga kwa sababu moja. Wapo bado wazazi ambao, mtoto akishikwa na degedege, husema amepitiwa na mdege au amepagawa na pepo, wakampeleka kwanza kwa mganga. Hatuwadhihaki. Mzazi anayekimbilia kwa mganga anampenda mwanawe sawasawa na yule anayekimbilia zahanati. Tena si kila degedege ni malaria ya ubongo. Homa kali pekee yaweza kuileta. Lakini nyumbani hakuna mwenye macho ya kuona ndani ya mishipa. Wakati mafusho yanafukizwa, chembe zinaendelea kunata, na saa zinazopotea hazirudi.

Dawa ipo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010, uliohusisha watoto zaidi ya 5,000 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulithibitisha kwamba sindano ya artesunate hupunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Iko pia artesunate ya kuwekwa njia ya haja kubwa, ambayo mtoto mdogo huweza kupewa kabla ya safari ya kwenda hospitali. Kwa vijiji vya mwambao ambavyo njia yao ni maji, dawa hiyo yaweza kumpa mtoto muda wa kufika Kigoma akiwa hai. Twawaomba wahusika wahakikishe haikosekani katika zahanati za ziwani, na kwamba boti ya kumbeba mgonjwa usiku haitafutwi kwa kubembeleza.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Chandarua kilichoshonwa kuwa wavu wa dagaa huleta kitoweo cha siku moja, kikamwacha mtoto wazi kwa mbu usiku kucha. Homa ikiingia, apimwe siku hiyo hiyo. Degedege ikimshika, alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani, na safari ya kwenda zahanati ianze mara moja. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa malaria ya ubongo, anayechelewa kuziba ufa huenda asipate hata nafasi ya kuujenga huo ukuta.