Seva iko mawinguni, mchungaji ni wewe

KUNA kazi ambayo vijana wengi mjini wanaifanya siku hizi bila hata kujua kwamba ni kazi. Umeanzisha biashara ya mtandaoni na mabeshte wawili, na kwa sababu wewe ndiwe uliyesomea kompyuta, wakakwambia, "Wewe shughulikia mambo ya seva." Ama umeajiriwa kwenye kampuni ndogo pale Westlands au Nyali, bosi akakupa nenosiri la akaunti ya wingu na kukuagiza uhakikishe kila kitu kinaenda sawa. Basi. Kuanzia hapo wewe ni mchungaji wa mifugo usioiona.

Mambo yakienda vizuri hakuna atakayekushukuru. Yakiharibika, simu yako ndiyo italia saa tisa usiku. Kwa hivyo ni vyema ujue unachunga nini.

Wingu lina paa na stima

Tuondoe kwanza uchawi. Wingu ni jengo. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Afrika Kusini mnamo 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka wa 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka wa 2024. Ndani ya majengo hayo kuna kompyuta kubwa kubwa, na ndani ya kila moja kuna programu inayoitwa haipavaiza ambayo huigawa kompyuta hiyo moja iwe nyingi.

Fikiria ploti ya Roysambu yenye bedsita thelathini. Msingi ni mmoja, paa ni moja, lakini kila mpangaji ana mlango wake, mita yake na kelele zake. Kila bedsita ndiyo mashine pepe. Inajiona kompyuta kamili, ina prosesa, kumbukumbu na diski, kumbe imekatiwa kipande tu. Wazo lenyewe ni la zamani, IBM ilikuwa ikilifanyia kazi tangu miaka ya 1960. Kilichobadilika ni kwamba kuanzia 2006 Amazon ilianza kukodishia yeyote mwenye kadi ya benki mashine hizo kwa saa.

Sasa shika jambo hili moja: mwenye ploti analinda geti, paa na nyaya za stima. Kufunga mlango wa nyumba yako ni juu yako. Kampuni zote kubwa za wingu zimegawa majukumu hivyo, na vijana wengi huumia kwa kudhani kwamba wakishalipa, usalama wote umeshughulikiwa.

Mwenye funguo ndiye mwenye mali

Lango la wingu ni ukurasa mmoja tu kwenye kivinjari. Hapo unaunda mashine, unaiwasha, unaizima, unaiongezea nguvu au unaifuta. Ndiyo raha yake. Ndiyo hatari yake pia, kwa sababu lango halikujui sura. Linajua nenosiri.

Ukitaka kuona hatari hiyo, soma kisa cha Code Spaces. Hii ilikuwa kampuni iliyowawekea watengenezaji programu misimbo yao, na mashine zake zilikuwa kwa Amazon. Mnamo Juni 2014 kuna mtu aliyeifurikisha kwa maombi bandia ya mtandaoni, na wakati huo huo akawa tayari ameingia kwenye lango lake la usimamizi. Akaacha ujumbe akitaka pesa. Wenyewe walipojaribu kumfungia nje kwa kubadilisha manenosiri, wakakuta ameshajitengenezea akaunti nyingine za akiba. Akaanza kufuta: mashine, diski, hata bekapu. Katika muda wa saa kumi na mbili hivi sehemu kubwa ya mali yao ilikuwa imepotea, na kampuni ikatangaza kwamba haiwezi kuendelea.

Soma tena hapo kwenye bekapu. Walikuwa nazo. Shida ni kwamba zilifikiwa kupitia mlango ule ule aliouingia mwizi.

Kwa hivyo leo, si wikendi, fanya mambo manne. La kwanza, washa uthibitisho wa hatua mbili. Microsoft yenyewe ilianza kuulazimisha kwenye lango lake mnamo Oktoba 2024. Tumia programu ya simu inayotoa nambari za siri badala ya kungoja SMS, maana sote tunajua hadithi za watu waliobadilishiwa laini ya simu wakalala maskini. La pili, akaunti kuu iliyofungua kila kitu iweke kabatini. Usiitumie kila siku. Jitengenezee akaunti ya kawaida, na kila mwenzako awe na yake yenye ruhusa za kazi yake tu. Yule wa atachimenti anayehitaji kutazama grafu apewe ruhusa ya kutazama, si ya kufuta. La tatu, mtu akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo, hata kama mliachana kwa keki na picha. La nne, nakala moja ya data yako ikae kwenye akaunti tofauti kabisa, yenye funguo zake.

Kisha kagua milango ya mashine zenyewe. Poti 22 ya kuingilia mashine za Linux na poti 3389 ya mashine za Windows mara nyingi huachwa wazi kwa dunia nzima kwa sababu ndiyo njia rahisi siku ya kwanza. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga milango hiyo. Ruhusu anwani za ofisini kwenu pekee, ama mpite kwenye VPN, na mtumie funguo za SSH badala ya manenosiri. Na tafadhali, usiache funguo za wingu ndani ya msimbo unaoupandisha GitHub. Kuna watu ambao kazi yao ni kuziokota.

Kutazama ni kazi, si mapambo

Mnamo 2018 watafiti wa usalama waligundua kwamba dashibodi ya Kubernetes ya Tesla ilikuwa haina nenosiri. Wadukuzi walikuwa wameingia na kutumia mashine za kampuni hiyo kuchimba sarafu za kidijitali. Kinachofundisha zaidi ni kwamba walizichimba polepole makusudi, wakihakikisha matumizi ya prosesa hayapandi sana, ili wasionekane.

Ndiyo maana kutazama grafu ya prosesa pekee hakutoshi. Tazama vitu vitano: prosesa, kumbukumbu, diski, data inayoingia na kutoka, na orodha ya nani aliingia kwenye lango akafanya nini. Halafu ujue kawaida ya mashine yako. Asilimia 70 ya prosesa saa tano asubuhi inaweza kuwa wateja wananunua. Asilimia 70 saa nane usiku kwenye duka linalouza viatu Nairobi tu, hiyo inataka maelezo. Chukua wiki mbili ukiandika hali ya kawaida kabla hujaanza kusema kuna shida.

Hapa kuna mtego. Kwa Amazon, grafu unazopewa bila kufanya lolote hazionyeshi kumbukumbu iliyotumika wala nafasi iliyobaki kwenye diski. Mwenye ploti anasoma mita nje ya mlango wako, lakini hawezi kuchungulia kabati lako. Lazima usakinishe programu ndogo ndani ya mashine ndipo takwimu hizo zije. Tena grafu hizo za bure huja kila baada ya dakika tano, kwa hivyo tatizo la dakika moja linaweza kupita bila kuonekana.

Na diski ndiyo muuaji wa kimya kimya. Mashine huandika shajara za kila tukio, shajara zinajaa, siku moja nafasi inaisha, hifadhidata inashindwa kuandika, na wateja wanaona ukurasa mweupe. Weka arifa ikulize diski ikifika asilimia 80, si 99.

Usiweke arifa kwa kila kitu lakini. Simu ikilia mara arobaini kwa siku utaizoea kama honi za matatu. Kanuni ni rahisi: kama arifa haina kitu cha kufanya baada ya kuisoma, ifute.

Pia usidanganywe na rangi ya kijani. Lango likisema mashine "inafanya kazi" lina maana imewaka, basi. Tovuti ndani yake inaweza kuwa imekufa zamani. Weka ukaguzi kutoka nje, unaofungua tovuti yako kila dakika kama mteja wa kawaida. Uwe na wa ndani ya nchi na wa nje ya nchi. Mnamo Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota Kenya na majirani zake huku mashine za mbali zikiwa salama salimini. Siku kama hiyo ukikimbilia kuzima na kuwasha seva, unatibu asiyeugua.

Mita haisinzii

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hawakuwa wameona bili ya wingu kwa dola.

Kuzima si kuacha kulipa. Kwa Amazon, mashine iliyosimamishwa haitozwi muda wa kompyuta, lakini diski yake inaendelea kutozwa. Kwa Microsoft, ukizima kutokea ndani ya mashine yenyewe unaweza kuendelea kulipa kana kwamba imewaka, hadi uisimamishe kwenye lango. Tangu Februari 2024 Amazon pia hutoza nusu senti ya dola kwa saa kwa kila anwani ya umma ya IPv4. Ni kidogo, ila ni kama dola 3.60 kwa mwezi kwa kila anwani, hata ile mliyoisahau.

Piga hesabu. Mashine ya majaribio mnayoitumia saa kumi kwa siku, siku tano, inafanya kazi saa 50 kati ya 168 za wiki. Saa 118 zilizobaki inakula pesa usingizini. Ipangie ratiba ya kujizima jioni. Kila mashine iandikwe jina la mwenyewe, ili ile isiyo na mtu ijulikane. Weka pia arifa ya bajeti, ukikumbuka kwamba kwa kawaida inakuambia tu, haizuii matumizi. Bili ikipaa ghafla, usifikirie pesa peke yake. Huenda ndiyo dalili ya kwanza kwamba kuna mgeni ndani.

Na kuna watu nyuma ya data hiyo: majina, nambari za simu, malipo ya M-Pesa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka kampuni imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua data imevuja na wenyewe wako katika hatari ya kudhurika. Huwezi kugundua usichokitazama.

Anza wapi?

Kama bado hujagusa lango lolote, usingoje kuajiriwa. Microsoft huwapa wanafunzi wa vyuo dola 100 za kujifunzia bila kuitisha kadi, na Google huwapa wateja wapya dola 300 za kutumia kwa siku 90. Unda mashine moja. Iwekee tovuti ndogo, ifungie milango, ipangie arifa, chukua nakala yake. Halafu ifute makusudi na ujaribu kuirejesha kutoka kwa nakala hiyo, ukihesabu dakika ulizotumia.

Dakika hizo ziandike. Siku bosi atakapokuuliza, "Tukianguka tutasimama baada ya muda gani?" utakuwa na jibu, na kwenye usaili wa kazi jibu hilo lina uzito kuliko cheti.